Tawi la Mamitiana

Katika soko la Ambohitsoa, mfiwa hakuweza kununua sanda kwa Bi Sendra bila kuulizwa anamzika nani, huyo marehemu alizaliwa na nani, na kaburi la kwao liko upande gani wa kilima. Mwenyewe hakuuita umbea. Aliuza sanda za hariri, zile nzito zinazofumwa na wanawake wa vijijini, na aliona ni vibaya kumfunika mtu asiyemjua.

"Subiri kwanza," angemwambia mteja, kitambaa kikiwa bado mkononi. "Marehemu ni mtoto wa Razaka, yule fundi paa? Basi mama yake na bibi yangu wamechangia babu! Lete hiyo nikupunguzie."

Mteja angeondoka na sanda ya bei nafuu na shangazi mpya ambaye asubuhi hakuwa naye.

Jina lake kamili lilikuwa Rasendranoro. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye kusuka nywele zake nyeupe mikia miwili na kuibana kisogoni. Mumewe alikufa kwa kuangukiwa na ukuta wa udongo, mtoto wao wa pekee, Mamitiana, akiwa bado anatambaa. Kwa sanda hizo hizo Bi Sendra alimlea, akamsomesha, akamfanya fundi wa majokofu ambaye hata hoteli za mjini zilimwita. Hakuolewa tena. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba amekwisha kuchagua wa kulala naye kaburini, na hataki msongamano.

Fahari yake ilikuwa ukoo wa baba yake, uliokuwa pia wa mumewe. Walikuwa waungwana, wana wa Andriambolanoro, na kaburi lao la mawe lilikaa juu kabisa kilimani, mlango ukitazama magharibi kama inavyotakiwa. Bi Sendra aliweza kutaja waliolala humo rafu kwa rafu, bila kukwama, huku akikata kitambaa. Kwa hiyo wazee walipokubaliana kwamba msimu wa baridi wa mwaka wa tatu tangu hapo ukoo mzima utakutana, wafu watolewe na kuvikwa sanda mpya, na siku hiyo upandishwe mti wa ukoo ulioandikwa watu wote, mkubwa wao, Mzee Rabenja, hakutafuta mtu mbali.

"Dada, kazi hii ni yako," alimwambia. "Ila uandike ukweli. Sitaki mti wa kupendezesha macho."

"Kaka, mimi na uongo tuliachana siku nyingi."

Akaanza kuzunguka. Alikwenda kijiji hadi kijiji, akanywa maji ya ukoko wa wali katika nyumba za watu asiowaona tangu utotoni, akauliza. Na kwa kuwa kila aliyeoa au kuolewa alileta damu ya kwake, aliuliza za wakwe pia. Mwanzo watu walimkaribisha kwa shangwe. Baadaye walipomwona anapanda kilima na mwavuli wake, walikumbushana kwa sauti ya chini mambo ya kutomwambia.

Aliyeumia wa kwanza alikuwa mke wa Lanto, mpwa wao, msichana mpole aliyeuza maandazi. Kwenye kikao cha kuonyesha kazi ilipofikia, Mzee Rabenja aliuliza mbona hayumo.

"Mke wa Lanto ana baba," Bi Sendra alisema. "Ila baba yake hana baba. Niandike nini, upepo?"

Wazee walicheka mpaka chai ikawatokea puani. Lanto naye alicheka kidogo, akitazama viatu vyake. Mkewe alikuwa mlangoni na sinia la maandazi. Aliliweka chini, akatoka.

Bi Sendra alirudi nyumbani siku hiyo amechangamka kama aliyekunywa. Alikuwa hajawahi kuchekewa utani wake na wanaume wazima.

Wakati huo Mamitiana alikuwa ameoa miaka mingi. Mkewe, Vololona, alikuwa mkunga wa zahanati ya pale Ambohitsoa, mwanamke mrefu, mcheshi, mwenye mikono mikubwa. Nusu ya watoto wa ukoo ule walidakwa na mikono hiyo. Alipoletwa mara ya kwanza, Bi Sendra alimtazama nywele. Zilinyooka, nyeusi, mpaka kiunoni. Kwake ule ulikuwa ushahidi wa kutosha wa uungwana, hakuuliza zaidi. Walizaliwa Fetra na kisha Tsiky, na Tsiky akawa kipenzi cha bibi yake, akishinda kibandani kwake, akilala juu ya marobota ya hariri kama paka.

"Mkwe wangu," Bi Sendra alisema Jumapili moja baada ya kula, "nimebakiza kwenu tu. Nataka kwenda kumsalimu baba yako anitajie wazee."

Vololona alikuwa akipakua wali. "Mama, kwetu hakuna mengi ya kuandika. Sisi ni wakulima tu."

"Kila mtu ana kwao."

"Mama, acha," Mamitiana alisema, bila kuinua kichwa.

"Niache nini? Watoto wangu wakae kwenye mti mguu mmoja? Baba juu, mama hewani?"

Vololona akacheka. "Mwache aende, baba Fetra. Baba yangu atafurahi. Hajawahi kutembelewa na mtu wa huku."

Na kweli alifurahi. Mzee Rapaoly, mjane aliyekaa peke yake karibu na mashamba ya mpunga, alimpokea Bi Sendra njiani akiwa amevaa shati la kanisani, lingali na alama za kukunjwa. Alichinja kuku. Alipopakua, alimwekea mgeni kipande cha nyuma, kile cha heshima ambacho watoto huwapa wakubwa wao, na yeye akala shingo. Waliitana mkwe, wakacheka juu ya wajukuu. Bi Sendra alimpenda yule mzee. Baadaye hilo ndilo lililomkera zaidi.

Baada ya kula aliomba kuonyeshwa kaburi. Alitarajia kupanda. Mzee Rapaoly akamteremsha. Walishuka kupita vijaruba vya mpunga, mpaka kwenye ukingo wa kinamasi, upande wa kusini, ambako udongo huwa umelowa hata wakati wa kiangazi. Pale palikuwa na kichuguu cha udongo mwekundu kilichozungushiwa mawe madogo. Juu yao, kilimani, lilionekana kaburi kubwa la watu wengine, limepakwa chokaa.

Bi Sendra alitazama juu, akatazama chini. Hakuhitaji kuambiwa, lakini aliuliza.

"Mkwe, mbona mmewalaza majini?"

Mzee Rapaoly alivua kofia. "Wewe sasa ni wa kwetu kwa ajili ya wale watoto, sitakudanganya. Mama mzaa babu yangu aliletwa hapa akiwa kigoli, kutoka kusini, baada ya vita. Walimuuza sokoni. Wenye lile la juu ndio walimnunua. Jina alilopewa na mama yake hatulijui. Hili tunalolitaja ni la dhihaka, walimwita wao, lakini ndilo tulilobakiwa nalo." Akaigeuza kofia mkononi. "Vololona hajui. Marehemu mama yake aliniapisha nisimwambie. Wewe nimekuambia kwa sababu unaandika, nisije nikawa mtu wa kumfuta bibi yangu. Andika jina tu. Hayo mengine yabaki kwangu na kwako."

"Yatabaki," alisema Bi Sendra.

Akapewa mfuko wa mchele mwekundu, mpya, wa kwenda nao. Aliupokea kwa mikono miwili. Alipofika barabarani, kabla ya kupanda gari, aliumwaga wote kwenye mtaro, akaukung'uta mfuko, akautupa.

Hakusema kitu kwa mtu. Lakini kuanzia siku ile, Tsiky alipokuja kibandani, Bi Sendra alimtafutia kazi za mbali: nenda kaniletee chumvi, nenda kamwangalie mama yako. Alimtazama mtoto akienda na kurudi, akitafuta kitu kwenye pua yake, kwenye vidole vyake. Hakukiona. Tsiky alifanana na yeye mwenyewe, mpaka ile tabia ya kung'ata ulimi anapowaza. Na hilo nalo lilimtia hofu, kama mtu anayejiona kwenye dirisha la nyumba ya wengine.

Angeweza kunyamaza. Angeandika majina mawili matatu, nani angemuuliza? Tatizo lilikuwa kicheko. Alikumbuka wale wazee walivyocheka mke wa Lanto alipokatwa, na alijua kwamba iko siku mtu mwingine mwenye mwavuli atateremka mpaka kwenye kile kinamasi. Siku hiyo watamcheka yeye, Rasendranoro, mwenye vizalia vya watumwa katika nyumba yake mwenyewe, wajukuu weusi wa damu kwenye rafu ya babu zake. Bora aseme yeye kwanza. Alijishawishi kwamba huko ndiko kusema ukweli, na alipokwisha kujishawishi alilala vizuri.

Siku ya mkutano ilikuwa kali, yenye jua na upepo wa baridi. Kijiji kilijaa. Ngoma na tarumbeta, nguruwe wawili, wafu wamevikwa hariri mpya kutoka kibanda cha Bi Sendra, watu wakilia na kucheza papo hapo. Kwenye ukuta wa nyumba ya Mzee Rabenja palining'inizwa shuka jeupe lililoandikwa mti: Andriambolanoro chini kwenye shina, vizazi vikipanda na kutawanyika. Wazee walikuwa wamepanga kwamba kila mtoto atafute jina lake, na pembeni yake apige alama ya kidole kwa udongo mwekundu.

Watoto walikimbia. Wakubwa waliwanyanyua wadogo. Fetra alitafuta, akachoka, akaenda kwa wenzake. Tsiky alibaki. Alikuwa na miaka saba na alijua kusoma. Alimpata baba yake. Juu ya baba yake palikuwa peupe.

"Bibi," aliita, kidole chake kikidondosha udongo. "Mimi niko wapi?"

"Uko kwa mama yako," alisema Bi Sendra. "Nenda kaulize huko."

Alikuwa ameisema sentensi hiyo moyoni mara nyingi, akitafuta namna yake. Ilitoka kwa sauti ya kawaida tu. Walio karibu wakageuka. Mzee Rabenja akasogea.

"Dada, una maana gani? Hawa si watoto wa Mamitiana?"

"Ni watoto wa Mamitiana. Ulisema niandike ukweli, nami nimeandika." Hapo akapaza sauti, ili kusiwe na haja ya kurudia. "Nimefika kwao mama yao. Wamezikwa kinamasini, chini ya miguu ya waliowanunua. Baba yake amenitamkia kwa kinywa chake, kofia mkononi. Bibi yao aliuzwa sokoni kama bata. Mnataka niwapandishe kilimani?"

Vololona alikuwa penye masufuria, akikoroga mboga pamoja na wanawake wengine. Alisikia habari za kwao namna hiyo, mwiko ukiwa mkononi, mbele ya ukoo mzima. Alimtazama mama mkwe wake kama anayesubiri amalizie utani. Kisha mwanamke mmoja, ambaye Vololona alimzalisha mapacha usiku wa mvua akagoma kuchukua hata senti, alinyoosha mkono na kuuchukua ule mwiko taratibu.

"Pumzika, dada. Tutamalizia wenyewe."

Mwingine akalimwaga lile sufuria. Hakulimwaga kwa hasira. Alilimwaga kama mtu anayemwaga maji yaliyoingia nzi, na mbwa wakaja.

Mamitiana alikuwa miongoni mwa wanaume waliokuwa wakirudisha wafu kaburini. Alifika ngoma zimeshakatika. Hakuna aliyemweleza, aliona mwenyewe: mkewe amesimama bila kitu mkononi, mwanawe analia mbele ya lile shuka, mama yake amejifunga kitambaa kifuani, ameinua kidevu.

"Mama," alisema. "Ulikula kwa mkweo."

"Nilikula. Sikujua."

"Ulipojua hukukitema chakula chake."

Akamnyanyua Tsiky, akamshika mkewe mkono, akamwita Fetra. Mtu mmoja nyuma alimwigiza bata. Watu wachache wakacheka, na kicheko hakikumpata Bi Sendra. Alikuwa ameshinda. Alikula nyama siku ile, akapewa kiti mbele.

Habari ilimfikia Mzee Rapaoly kabla ya jioni ya siku ya pili. Vololona hakwenda kumwona. Alimtumia neno moja tu, kwamba kama angalimwambia yeye kwanza, asingaliaibishwa na watu wa nje. Mzee alijibu kwamba atakuja kuomba msamaha mpunga ukishavunwa. Hakuja. Alikutwa amelala kwenye ukingo wa jaruba, jembe pembeni, ameshakuwa baridi. Hawakuwa wamepatana.

Mamitiana alikuja sokoni kununua sanda. Bi Sendra alimwona tangu mbali, akasimama, akaanza kushusha marobota, akichagua lile zito kuliko yote.

"Mwanangu, nimesikia. Chukua hili. Sitaki chochote."

Mamitiana alipita. Alisimama kwenye kibanda cha mbele yake, kwa Ravola, mwanamke ambaye Bi Sendra alizoea kumwita mwizi. Alishika kitambaa, akakinyoosha juani, akauliza bei, akabishana, akapunguziwa, akalipa. Yote hayo mama yake aliyaona akiwa amekumbatia lile robota kama mtoto.

Ndipo alipovuka njia.

"Nimekuja kukuaga, mama. Nimeomba nafasi kwao. Wamenipa."

"Nafasi gani?"

"Ya kuzikwa."

Bi Sendra alikaa chini. "Kule majini? Mamitiana! Umewekewa mahali karibu na baba yako. Karibu na mimi!"

"Mpe mwingine. Si una watu wengi?"

"Nilikulea peke yangu."

"Ulinilea vizuri," alisema Mamitiana. "Ndiyo maana nashindwa kuelewa."

Hakumtukana. Angalimtukana, Bi Sendra angalipata la kujibu. Walihamia mji mmoja wa kusini, ambako kuna hospitali kubwa na majokofu mengi ya kutengeneza. Bi Sendra alituma ujumbe kwa watu wa mabasi, akatuma soseji za nguruwe za sikukuu, akatuma gauni jeupe la Tsiky la kipaimara alilokadiria kwa macho. Gauni lilirudi limekunjwa vilevile alivyolikunja.

Ukoo haukumtupa. Ulimsahau tu polepole, kama watu wanavyomsahau aliyefanya kazi chafu ambayo kila mtu aliitaka. Baada ya miaka Lanto akawa mkubwa wa ukoo, mkewe akaandikwa, na hakuna aliyeuliza baba wa baba yake ni nani. Kijana wa kwao alipokuja kuunakili upya ule mti, alimuuliza Bi Sendra kwa adabu, kalamu mkononi:

"Bibi, hapa kwa baba mdogo Mamitiana nimalizie tawi? Hakuacha watoto, siyo?"

Lanto alikuwa amekaa pale pale, akimtazama.

"Malizia," alisema Bi Sendra.

Macho yake yaliharibika. Alikata hariri kwa kupapasa, na mara nyingine alikata vibaya, lakini bado watu walimjia kuuliza. Aliyetaka kuoa au kuozesha, akitaka kujua anaingia kwa nani, aliambiwa: nenda kwa yule bibi wa sanda.

Ndivyo walivyokuja wanaume wawili waliovaa kofia za majani na makoti ya sikukuu, washenga kutoka kusini. Walimsalimu kwa heshima, wakakaa kwenye benchi.

"Bibi, tunatafuta habari za binti mmoja," alisema mkubwa wao. "Kijana wetu anataka kumwoa. Ni mwalimu, ana tabia nzuri. Upande wa mama amekwisha kutueleza mwenyewe, hakutuficha, na sisi hatuna neno. Ila baba yake, tunasikia ni mtu wa huku kwenu. Anaitwa Mamitiana, fundi."

Mikono ya Bi Sendra ilisimama juu ya kitambaa.

"Binti anaitwa nani?"

"Tsiky."

Kwa miaka yote ile hakuwa amelisikia jina hilo kwenye kinywa cha mtu. Akajikuta anacheka, machozi yakimtoka, akitafuta mikono ya wale wageni hewani.

"Ni wangu! Ni mjukuu wangu huyo! Baba yake nimemzaa mimi. Andikeni, ni mwana wa Andriambolanoro, kwa baba yake, kwa bibi yake, ni muungwana mtupu, nani atamkataa? Mwambieni nitakuja. Nitaleta hariri. Mwambieni bibi yake amesema yumo!"

Wale wanaume wakatazamana. Mdogo wao akakohoa.

"Samahani, bibi. Binti ametuambia bibi yake mzaa baba alikufa zamani, yeye akiwa mdogo. Tulimuuliza mara mbili, kwa sababu ya kumpelekea heshima."

"Amesema hivyo?"

"Amesema hivyo. Sasa hatuelewi," aliongeza yule mkubwa, na sauti yake ikawa nzito kidogo. "Kama bibi yupo, basi binti anatudanganya. Na mtu akidanganya kabla hajaingia ndani, ni vigumu."

Bi Sendra aling'ata ulimi. Sokoni pale mbele, Ravola alikuwa akigombana na mteja. Alifuta macho kwa ncha ya kile kitambaa, akakikunja, akakikunjua.

"Hapana," alisema. "Hajadanganya. Nimechanganya mimi. Mamitiana ninayemsema ni mwingine. Majina yanafanana."

"Una hakika, bibi?"

"Wangu hakuwa na watoto."

Washenga walishukuru, wakamwachia noti juu ya benchi, wakaondoka. Walipofika kwa muuza kahawa, yule mdogo aliuliza kama waandike lolote. Mwenzake alitikisa kichwa.

"Bibi wa watu amezeeka," alisema. "Na tuliambiwa huyu hakosei jina la mtu."